Saruji inaumiza kuta za mawe kampasini

Mhariri,

Kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1956, ikiitwa Royal Technical College. Wanaokarabati kuta za kale za mawe kampasini, tunawasihi: palipojengwa kwa chokaa msizibe kwa saruji! Jiwe la Nairobi ni la volkano, laini, lenye vinyweleo. Saruji huzuia unyevu wa ukutani usitoke kupitia maungio ya mawe, basi hutoka kupitia jiwe lenyewe. Chumvi iliyomo katika unyevu huo hubaki, uso wa jiwe ukabambuka kama maganda ya kitunguu. Kwangueni maungio kina cha milimita 25, kwa patasi, si grenda. Lowesheni. Jazeni chokaa kipimo 1 kwa mchanga 3, kisha funikeni kwa magunia yaliyoloweshwa wiki nzima, hasa jua la Januari linapowaka.

Mafundi wa mawe,
Nairobi