Kabla hujanunua foku mpya ya baiskeli yako ya mbio ya zamani

Mzee mmoja wa mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, mwalimu mstaafu, alikuja karakanani kwetu Majengo akiisukuma baiskeli yake kwa miguu. Ni baiskeli ya mbio ya chuma, ya miaka ya 1980, iliyoingia nchini na kontena la mitumba. Ilitumbukia kwenye shimo, foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, ikarudi nyuma mpaka tairi la mbele likakaribia kugusa fremu. Kwapani alikuwa na boksi. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam alimtumia foku mpya ya kaboni, nyepesi, nzuri kuitazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nifungie hii, jioni nitapitia."

Haikuingia. Bomba la foku ile, yaani lile linalopanda ndani ya shingo ya fremu mpaka kwenye usukani, lilikuwa na kipenyo cha milimita 28.6. Shingo ya baiskeli yake ilitengenezwa kwa bomba la milimita 25.4, inchi moja kamili, kama zilivyokuwa karibu zote za wakati ule. Aliniuliza kama hatuwezi kuichonga shingo ipanuke. Hatuwezi. Chuma cha shingo ni chembamba, ukikichonga kiasi hicho fremu imekwisha. Boksi likarudi Dar kwa basi, na gharama ya kulituma huku na kule ikapotea bure. Iliniuma, kwa sababu dakika kumi za kupima zingemwepusha na yote hayo.

Basi kitu cha kwanza kujua ni kipenyo hicho. Kama baiskeli yako ni ya inchi moja, tafuta foku ya inchi moja. Bado zinatengenezwa, za chuma na za kaboni, ila lazima uzitafute.

La pili ni hesi, ile mikato ya kufungia nati. Foku ya zamani imechongwa hesi juu, na kikombe cha juu cha gololi kinafungwa kwa nati mbili kubwa. Mkono wa usukani, kile kipande kinachoushika usukani, unazama ndani ya bomba na kukazwa kwa bolti ndefu, kwa hiyo ukitaka kuupandisha unalegeza bolti na kuuvuta. Foku nyingi za sasa hazina hesi. Mkono wa usukani unaibana foku kwa nje, na ndio unaozuia gololi zisicheze. Kwa maana hiyo, ukibadilisha foku mara nyingi umebadilisha pia vikombe, gololi na mkono wa usukani. Wateja wengi huhesabu bei ya foku peke yake, kisha hushangaa wakiona orodha yetu. Na tafadhali, mtu asikuzamishie mkono wa zamani ndani ya bomba la kaboni. Kile kichwa chake kinachotanuka kwa ndani kinaweza kulipasua.

Hata wakati ule wa inchi moja, viwanda havikukubaliana. Baiskeli nyingi za Raleigh, za Nottingham, Uingereza, zina hesi 26 kwa inchi, wakati kawaida ni 24, kwa hiyo nati za kawaida hazikubali. Peugeot za zamani za Ufaransa mkono wao ni milimita 22.0 badala ya 22.2. Na ile pete ya chini ya gololi, inayokaa juu ya mabega ya foku, ina vipimo viwili vya kawaida: milimita 26.4 na 27.0. Tofauti ya 0.6 tu! Miaka ya mwanzo niliwahi kufunga pete ya 27.0 kwenye foku ya 26.4, nikaijazia kibati chembamba. Wiki mbili baadaye dada yule alirudi: kila akishika breki ya mbele inagonga, tok, tok. Nilifungua nikakuta kibati kimesagika na pete inazunguka yenyewe. Nilimfungia nyingine kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo, haitoki mfukoni mwangu.

Sasa urefu wa foku, na hapa naomba usome taratibu. Tunapima kutoka ekseli ya gurudumu mpaka pete ya chini. Za kisasa za barabarani nyingi ziko kati ya milimita 365 na 375. Za zamani, hasa zilizoachiwa nafasi ya madigadi au zilizobeba gurudumu la inchi 27, huwa ndefu zaidi. Foku fupi ikishusha mbele ya baiskeli kwa milimita 17 hivi, shingo inasimama zaidi kwa takriban digrii moja, na usukani unakuwa mwepesi kugeuka. Kwa upande mwingine, foku za kisasa hazijajipinda sana mbele: milimita 43 au 45, wakati za zamani nyingi zilifika 50 na zaidi. Hilo linafanya usukani uwe mzito na tulivu. Mambo haya mawili yanaweza kusawazishana, lakini si kwa kila fremu. Upepo wa Dodoma unapokupiga ubavuni barabara ya Ihumwa, lori likikupita, utajua mara moja kama hesabu ilikaa sawa. Angalia pia kidole cha mguu: foku isiyojipinda sana inalisogeza gurudumu karibu na pedali, na kwenye fremu ndogo kiatu kinaweza kugusa tairi ukikata kona.

Gurudumu la inchi 27 lina rimu ya kipenyo cha milimita 630, la 700C, lile la kawaida la baiskeli za barabarani za sasa, ni 622. Ukihamia 700C breki inapaswa kushuka milimita nne zaidi ili iifikie rimu. Ndiyo maana tunaomba ulete gurudumu na breki, si foku peke yake.

Kabla ya yote hayo, pitisha kidole chini ya bomba kubwa la fremu, karibu na shingo. Ukihisi mkunjo au rangi iliyochanika kama gamba, ujue ajali haikuishia kwenye foku. Fremu yenyewe imepinda, na hapo sitakuuzia foku. Kunyoosha foku iliyopinda kwa moto pia hatufanyi, hata mteja akisisitiza.

Mzee tulimpatia foku ya chuma ya inchi moja, yenye hesi, inayokaribia kabisa urefu wa ile ya kwanza. Vikombe vyake vilikuwa vizima, tukabadilisha gololi na kupaka grisi ya kutosha kwa ajili ya vumbi letu. Mkono wake wa usukani wa zamani ulirudi mahali pake.

Kupima hatutozi. Njoo na baiskeli nzima, na kama kuna foku umeiona mtandaoni, njoo na vipimo vyake kwenye simu kabla hujalipia.