Barua kwa Idrisa, kuhusu mstari mmoja wa haidrojeni

Ndugu yangu Idrisa,

Salamu nyingi. Natumai u mzima na wa nyumbani wote hawajambo. Nami sijambo, ila usingizi. Barua yako ya mwisho imekaa kwangu miezi mitano bila jibu. Ningeweza kusingizia kazi, lakini kwa muda mwingi ulikuwa uvivu tu, na majuma haya ya karibuni imekuwa aibu, ambayo ndiyo hatimaye iliyonishikisha kalamu.

Nimeipachika supanova, yaani nyota iliyolipuka, aina isiyo yake. Unaujua utaratibu: kitu kipya kikionekana angani huingizwa kwenye rejista ya Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia kwa herufi AT, na hakipati herufi SN mpaka mtu apate spektra yake, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi, na kusema ni mlipuko wa aina gani. Safari hii mtu huyo nilikuwa mimi. Nilipewa darubini kwa dakika 40, mwezi ukiwa karibu kuwa mpevu na mawingu mepesi yakipita, nikapata spektra yenye makelele mengi ambayo ndani yake ulisimama mstari mmoja wa haidrojeni, mwembamba na mrefu kama mnara. Niliuona mnara, sikuona kingine. Kabla ya alfajiri nilikwisha kuandika kwamba ni Aina IIn, yaani nyota kubwa iliyolipuka ndani ya gesi iliyoitema yenyewe hapo awali, kisha nikalala usingizi wa mshindi.

Siku 12 baadaye kundi jingine, lenye darubini kubwa kuliko yetu, likatangaza kwamba ni Aina Ia. Kibete cheupe, Idrisa, kiini kilichobaki cha nyota iliyokwisha kufa! Kitu ambacho kwa kawaida hakina hata chembe ya haidrojeni ya kuonyesha, na haidrojeni ndiyo iliyotumika kutenganisha Aina I na Aina II tangu mwanaastronomia Minkowski alipoanza kuzigawa mwaka 1941. Ni somo la juma la kwanza, nami nimelianguka.

Nimerudia kazi yote tangu mwanzo, na kila ninapoirudia aibu inazidi. Galaksi ile inatukimbia kwa takriban kilomita 6,000 kwa sekunde, kwa hiyo bonde la silikoni, yaani mahali silikoni inapomeza mwanga, ambalo katika Aina Ia hukaa karibu na nanomita 615, lilikuwa limesogea hadi 627, jirani kabisa na mstari wa oksijeni ya anga letu ulio kwenye 630. Nikadhani bonde lile ni kovu lililobaki baada ya programu kuondoa mwanga wa anga. Kovu la upana ule! Mstari wa anga ni uzi mwembamba, ilhali bonde la silikoni hutanuka kwa kuwa maada yake inarushwa kwa kilomita 10,000 hivi kwa sekunde. Wewe ndiye uliyenifundisha jambo hili, ukichora kwa chaki hadi mkono ukawa mweupe. La kuudhi zaidi ni kwamba SNID, programu ya kutambua supanova, ilipolinganisha spektra yangu na za supanova za zamani ilipendekeza Aina Ia kwa alama dhaifu, nami nikaipuuza.

Kisha nikafungua picha ghafi, ile ambayo programu haijaikunja kuwa mchoro mmoja, jambo ambalo ningelifanya usiku uleule kama si haraka. Mstari wa haidrojeni haukomi pale mwanga wa supanova unapokoma, bali unaendelea juu na chini kando ya upenyo wa spektrografu, kama ilivyo kwa wingu la gesi linalozaa nyota ndani ya galaksi. Programu ilikuwa imechagua yenyewe mahali pa kupimia mwanga wa usuli, yaani ule usio wa supanova unaopaswa kuondolewa, mbali na wingu hilo, nami sikuigusa; basi mstari wa wingu ukabaki ndani ya spektra ya supanova.

Ningeishia hapo, lakini kuna SN 2002ic. Ile ilikuwa Aina Ia na haidrojeni ilikuwamo, ikitoka kwenye gesi iliyouzunguka mlipuko, na tangu nilipoikumbuka sina raha: huenda na haidrojeni yangu ni ya mlipuko wenyewe. Katika picha yangu mstari unaonekana kung'aa kidogo zaidi palepale penye supanova kuliko pembeni, au labda ni matumaini ya mkosaji. Mstari wa 2002ic ulikuwa na shina pana. Wangu sioni shina, ingawa makelele yangeweza kulificha. Mistari miwili ya salfa, ambayo ingeonyesha kwamba ni wingu la kawaida la galaksi, imeangukia ukingoni mwa mkanda wa nanomita 687 ambamo oksijeni ya anga letu humeza mwanga: mmoja nauona, wa pili sina hakika nao. Mstari wa kijani wa oksijeni ya galaksi upo pia, nao ni dalili ya wingu la kawaida, kwa hiyo haunisaidii katika utetezi wangu hata kidogo.

Neema, ambaye hukusanya Aina Ia kwa ajili ya kupima umbali, aliiacha supanova hii kwa sababu ya neno langu, na siku za kilele cha mwangaza zikapita bila kupimwa. Hajanilaumu. Unakujua kunyamaza kwake.

Nakutumia picha ghafi pamoja na masahihisho niliyoandika na ambayo bado sijayapeleka. Je, unaweza kuutoa mwanga wa usuli kwa mkono wako, bila kutazama mipaka niliyoiweka mimi? Ukifanya hivyo, ile ziada ya mwanga penye supanova inabaki au inatoweka? Yafaa niombe usiku mwingine sasa, au ningoje supanova ififie nione kama mstari utabaki na nguvu ileile? Na Neema nimwandikie kabla ya kupeleka masahihisho, au baada yake? Mwalimu amekwisha kusikia?

Nijibu mapema, hata kwa mistari miwili.

Ni mimi rafiki yako,
Salim