Barua ya wazi kwa Kamishna Jenerali wa Magereza: mdogo wangu anarudi nyumbani

Mheshimiwa,

Mimi ni dada wa mfungwa. Nakuandikia kuomba waliofungwa kwa makosa ya ngono wapewe mafunzo ya kuwarekebisha wakiwa bado gerezani. Mwaka wa 2015 mdogo wangu alihukumiwa miaka 20 kwa kumnajisi mtoto wa miaka 13, binti wa jirani. Simtetei. Mtoto yule nilimbeba mgongoni akiwa mchanga, na hadi leo mama yake akiniona sokoni hupinda njia.

Mwezi uliopita nilikwenda gerezani kumwona mdogo wangu. Alinionyesha viganja vilivyoota sugu kwa kusukuma randa. Ana cheti cha useremala na anasifiwa nidhamu. Nikamuuliza kupitia wavu: "Na lile jambo, mmewahi kukalishwa mkalizungumza?"

Akatabasamu. "Lipi, dada? Mimi nilisingiziwa."

Miaka yote hiyo ameswali, ameranda mbao, amecheza mpira. Kilichomvisha kunguru, sare ya wafungwa, hakijaguswa.

Kwa tabia njema, Sheria ya Magereza inamruhusu kupunguziwa theluthi moja ya kifungo. Nikipiga hesabu, atatoka 2028. Atarudi ua huu huu, na binti yangu wa mwisho atakuwa na miaka 12. Hiyo nidhamu yake ya gerezani hainipi usingizi, Mheshimiwa. Humo hamna watoto.

Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 39, inaipa mahakama uwezo wa kumtangaza mkosaji kuwa hatari, kumweka chini ya uangalizi wa muda mrefu baada ya kutoka, na kumwamuru ahudhurie mpango wa kumrekebisha. Lakini mtu akae gerezani miaka 13 bila kuguswa, kisha tuanze naye siku ya kutoka?

Wala siombi darasa lolote lile mradi liwepo. Uingereza waliwafundisha wafungwa wa makosa haya kwa vikundi miaka mingi. Mwaka wa 2017 serikali yao ikachapisha utafiti: asilimia 10 ya waliopitia mafunzo walirudia makosa ya ngono, na kwa wafungwa waliolinganishwa nao, ambao hawakuyapitia, ni asilimia 8. Mpango ule ulifungwa mwaka huo huo, ukaletwa mwingine. Kwa hiyo naomba wataalamu waliosomea saikolojia, si askari aliyekabidhiwa kitabu juzi. Naomba aliye hatari zaidi apewe muda mrefu zaidi, na matokeo yapimwe na kutangazwa hata yakiwa machungu. Na anayekana, kama mdogo wangu, asirukwe kwa kuwa anakana. Huyo ndiye ninayemwogopa.

Tarehe ya kutoka ikikaribia, afisa wa urekebishaji wa huku kwetu aijue mapema, aje aone nani analala nyumba ipi. Mama wa yule binti naye aambiwe na serikali, ana kwa ana. Asije akapata habari kwa kukutana naye sokoni.

Wako mwaminifu,
Dada wa mfungwa, Kaunti ya Kilifi