Barua kwa mpwa wangu anayetuma nyimbo 40 kwa siku

Mpwa wangu,

Natumaini mko salama huko Rongai. Umeuliza kwa nini nyimbo unazotuma kwenye kikundi chenu cha WhatsApp zinapita kimya, mtu anaweka kidole gumba kisha mazungumzo yanarudi kwa mpira. Nimeziona zile za juzi: 40 kwa siku moja, viungo vitupu, bila jina la bendi wala neno la kumwelekeza mtu aanze na upi. Nyimbo zenyewe ni nzuri sana. Kinachoziua ni namna zinavyofika. Mgeni hapewi sufuria, hupakuliwa.

Tuma wimbo mmoja kwa wiki, ukizidi sana miwili, na uandike ni upi hasa. Chukua Shauri Yako. Ukitaja jina hilo peke yake, baadhi watafungua ule wa Orchestra Super Mazembe, bendi iliyokuwa na makao yake hapa Nairobi. Wengine watafika kwa Nguashi Ntimbo na Festival du Zaïre, ambaye wimbo ulianza kwake, na wengine watawapata waliourudia baadaye. Kisha mtabishana usiku kucha kuhusu gitaa, kila mmoja akizungumzia gitaa lake. Hata jina Wanyika linahitaji uangalifu. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliunda Simba Wanyika hapa Nairobi mwaka 1971. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki walijitenga, akiwemo mpiga ridhimu Omar Shabani, wakaanzisha Les Wanyika, na Sina Makosa unayoipenda ni ya kundi hilo la pili. Mwimbaji Issa Juma naye baadaye akawa na Super Wanyika yake. Ukimpa Simba sifa za Les, aliyezaliwa na muziki huu ataacha kukusoma.

Kwa hiyo chini ya kila wimbo andika mistari mitatu: bendi na mwimbaji, lugha na toleo, kisha dakika ambayo sikio liwe macho. Huo mstari wa tatu ndio utakaowafanya wajibu. "Sikilizeni besi kuanzia dakika ya 3 na sekunde 40, inaacha kufuata ridhimu na kuanza kumjibu solo." Mtu akiambiwa hivyo atairudia dakika hiyo mara tatu, na atarudi na maneno. Kama wimbo ni wa Kijaluo, Kikamba au Kitaita kama Charonyi ni Wasi ya Maroon Commandos, mtafute mwenye lugha akueleze kiitikio kabla hujakitafsiri. Usibahatishe. Tafsiri mbovu ikishaenea kwenye simu 60, hakuna wa kuirudisha.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, yaani kutuma nusu ya wimbo. Santuri ndogo ya inchi 7, inayozunguka mara 45 kwa dakika, hubeba dakika tatu hadi tano hivi kila upande. Wanamuziki wetu walikuwa na wimbo wa dakika nane au tisa, kwa hiyo waliukata: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Kwenye benga, ule muziki wa magitaa ulioanzia kwa Wajaluo, mpango huo una maana yake. Upande wa kwanza unabeba kisa na waimbaji. Upande wa pili sauti zinapungua, solo linapanda, besi inapata nafasi ya kutembea, na hapo ndipo watu walipokuwa wakiinuka kucheza. Ukisikiliza D. O. Misiani na Shirati Jazz kwa makini utasikia gitaa likikimbia nota moja moja kama nyatiti yenye nyuzi nane, na mbio hizo huchukua muda kuwaka. Sasa mtu anapakia upande wa kwanza tu mtandaoni, sauti inafifia gitaa likiwa ndiyo kwanza limeanza, halafu msikilizaji mgeni anasema benga haina kilele. Kabla ya kutuma wimbo wowote wa enzi hiyo, hakikisha una pande zote mbili. Ukikosa mtandaoni, tafuta santuri yenyewe. Pale Soko la Kenyatta wapo wanaouza na kutengeneza mashine zake, na watakuruhusu usikilize kabla ya kununua.

Ukiipata, usiweke sindano kabla ya kuisafisha. Vumbi la Nairobi likichanganyika na jasho la vidole hugeuka unga mgumu ndani ya mfereji, na sindano hulisaga humo humo. Nunua maji ya betri kwenye kituo cha petroli, yale yaliyotoneshwa. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo. Changanya vipimo vinne vya maji na kimoja cha alkoholi ya isopropili, na tone moja la sabuni ya vyombo. Usitumie spiriti ya vidonda, kwa sababu mara nyingi huwa na mafuta au rangi inayobaki kwenye mfereji. Pangusa kwa kitambaa laini ukifuata mzunguko wa mifereji, usikate katikati kama mtu anayefuta kioo, na usiloweshe karatasi ya lebo. Suuza kwa maji yale yale ya betri pekee, kisha isimamishe ikauke. Lakini ukikuta santuri nzito inayovunjika kama sahani, ya mizunguko 78, alkoholi iwe mbali kabisa. Hizo zilitengenezwa kwa sheleki, na alkoholi huiyeyusha. Maji na sabuni tu, haraka, kisha kausha. Tena zina mfereji mpana, zinataka sindano yake. Ile ya 45 itazama chini na kukuletea mkwaruzo mtupu.

Uzito wa sindano uwe kati ya gramu 1.5 na 2.5, kadiri mtengenezaji alivyoandika. Kuna mtindo wa kubandika sarafu ya shilingi juu ya kichwa cha sindano ili isiruke. Sarafu hiyo inazidisha uzito zaidi ya maradufu, na kila mzunguko unachonga sauti za juu kutoka kwenye santuri ambayo pengine nakala zake zimebaki chache. Sindano ikiruka, safisha tena, angalia kama mashine imekaa sawa, angalia kama ncha imechakaa. Dawa iko hapo.

Ili kuiingiza kwenye kompyuta unahitaji kitu kimoja ambacho wengi hukiruka: amplifaya ndogo ya santuri, ile wanayoiita prifono. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, kwa sababu besi kamili ingetaka mfereji mpana mno. Prifono hurudisha mizani. Bila hiyo muziki utasikika kama unatoka kwenye mkebe wa Kimbo. Luthuli Avenue, hapa Nairobi, utazipata. Sema wazi kwamba ni ya santuri, usije ukapewa ya maikrofoni. Tundu la maikrofoni la laptopu nalo liache, linapokea upande mmoja na kupasua sauti. Tumia kisanduku cha USB cha kuingizia sauti, chenye njia mbili. Ukisikia mngurumo wa chini usiobadilika, huo ni umeme wetu wa hetzi 50 ukiingia. Ule waya mwembamba wenye ncha ya uma unaotoka nyuma ya mashine haujafungwa kwenye skrubu ya prifono.

Pima pia kasi. Mashine za zamani zina mkanda wa mpira unaolegea, wimbo unashuka nusu toni na mwimbaji anasikika mzee kuliko alivyokuwa. Chapisha duara lenye mistari 133 kwa ajili ya mizunguko 45, au 180 kwa ajili ya 33 na theluthi, uliweke juu ya sahani ya mashine na kuliangaza kwa balbu ya kizamani ya waya. Mistari ikionekana imesimama, kasi ni sawa. Ikitembea kufuata mzunguko, mashine inakimbia. Ikirudi nyuma, inachelewa. Balbu nyingi za LED hazifai kwa kazi hii.

Rekodi kwa programu ya Audacity, ni ya bure, kwa biti 24, na kilele cha sauti kisipite desibeli 6 chini ya sifuri. Pale utakuwa unakula MB 16 hivi kwa dakika, usishtuke. Nyingi ya zile 45 za zamani ni mono, yaani sauti ni ile ile kushoto na kulia, kwa hiyo changanya njia mbili ziwe moja: muziki unabaki, ila sehemu kubwa ya kelele za vumbi na mikwaruzo inajifuta yenyewe, kwa kuwa haifanani kushoto na kulia. Hatua hiyo moja inashinda vichujio vyote. Ile kazi ya programu ya kuondoa milio ya "tk, tk" itumie kwa mkono mwepesi sana. Programu haiwezi kutofautisha kayamba na vumbi. Nimesikia nyimbo za omutibo, mtindo wa kina George Mukabi, zikiwa zimesafishwa hadi chupa ya Fanta iliyokuwa ikishika mapigo imeisha kabisa, na bila chupa ile wimbo umekosa miguu. Milio mikubwa ifute mmoja mmoja kwa macho na sikio. Midogo iache.

Kuunganisha pande mbili, sikiliza sekunde 10 za mwisho za upande wa kwanza na 10 za mwanzo za upande wa pili. Mara nyingine upande wa pili unaanza kwa kurudia mistari iliyofifia. Tafuta pigo linalofanana, kata hapo, pishanisha kidogo. Kama hazioani, weka sekunde moja ya kimya na uendelee. Pengo husameheka, lakini mapigo yaliyogongana yanamtoa mchezaji kwenye sakafu.

Kaseti nitazigusa tu. Ikisikika kama imefunikwa blanketi, kabla ya kuilaumu geuza taratibu skrubu ndogo iliyo kando ya kichwa cha kusomea hadi sauti za juu zifunguke, na usafishe kichwa hicho kwa isopropili. Sauti ikififia na kurudi, kisponji kidogo kilicho katikati pengine kimedondoka.

Hifadhi nakala kuu kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza sauti. Ya kutuma iwe MP3: wimbo wa dakika 9 kwa kbps 320 ni MB 22 hivi, kwa 192 ni MB 13, na hiyo inatosha kama wenzako wananunua bando ya siku. Kwenye WhatsApp itume kama hati, ifike kama ilivyo. Usicheze wimbo kwenye spika ukiurekodi kwa ujumbe wa sauti. Njia hiyo imetengenezwa kwa mazungumzo, na besi haipiti. Ndani ya faili jaza jina la wimbo, bendi, mtunzi, lebo, na ile namba iliyochongwa kwenye santuri karibu na karatasi ya katikati. Namba hiyo ndiyo kitambulisho. Jina "Track 01" limezika nyimbo nyingi kuliko moto.

Kuhusu haki, kuwa mwangalifu. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001, rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, lakini utunzi hulindwa hadi miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Rekodi ya 1970 inaweza kuwa imetoka kwenye ulinzi, huku wimbo wenyewe bado una mwenyewe. Joseph Kamaru alifariki 2018, hivyo tungo zake zina wenyewe hadi mwisho wa 2068. Kuziweka mtandaoni wazi kunahitaji ruhusa. Na kwa Kamaru njia nzuri ipo tayari: mjukuu wake, mwanamuziki KMRU, amekuwa akitoa upya kazi za babu yake kwenye Bandcamp. Tuma kiungo hicho, watu wanunue huko.

Mkikutana Jumapili, simu isiwe ndiyo spika. Spika ya simu haiwezi kutoa besi, na benga bila besi ni mtu nusu. Tafuteni spika mbili, ziwe usawa wa masikio ya aliyekaa, zikae mbali kidogo na kuta, na mashine ya santuri isikae meza moja nazo, la sivyo mtetemo utaingia kwenye sindano na kuanza kunguruma. Kila mtu wimbo mmoja, pande zote mbili, na hakuna kuzungumza hadi solo limalize. Kama kuna wageni waliozoea nyimbo za dakika tatu, anza na Samba Mapangala na Virunga, albamu ya Malako. Sauti yake inamshika mtu mkono kabla magitaa hayajafunguka. Misiani mweke wa tatu, wakiwa wameshakaa.

Na ukienda Soko la Kenyatta Jumamosi, nunua pia kile kipete cha plastiki cha kujaza tundu kubwa la 45, la upana wa milimita 38. Mashine yako haina, na ukikikumbuka Jumapili wenzako watakuwa wameshafika.

Wako,
Mjomba