Kabla hujaingia mtoni

Anchorage, Alaska

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, na habari kwamba unakuja mwezi wa Julai imefurahisha nyumba nzima. Umeniuliza ulete mshipi gani na ndoana za namba gani. Hayo niachie mimi. Wewe ni mtoto wa Tanga, kuvua hufundishwi. Ninachotaka ukijue mapema ni adabu za mtoni, kwa sababu huku hatutakuwa wawili ndani ya ngalawa.

Nitakupeleka karibu na Cooper Landing, kama saa mbili kwa gari, pale Mto Russian unapoingia Mto Kenai. Samoni wekundu wakipanda mto kutoka baharini, watu husimama majini bega kwa bega. Ukifika usijipenyeze. Simama nyuma kwanza, tazama wanavyotupa, kisha muulize aliye karibu kama pana nafasi. Ukiomba vizuri, wengi watakupisha.

Samoni hawa wakishaingia mtoni hawali tena. Wanapanda kuzaa, na wakishazaa wanakufa. Kwa hiyo hakuna kungoja chambo kidonolewe. Unatupa mshipi mfupi, juu kidogo ya mkondo, chubwi inagusagusa kokoto ikiteremka na maji, unainua, unatupa tena. Mstari mzima unakwenda kwa mwendo mmoja. Anayetupa kwa mwendo wake, au anayetaka kufika ng'ambo, hukorogana na mishipi ya watu wanne, kisha wote wanasimama kufungua mafundo huku samaki wanapita.

Ukisikia mtu anapaza sauti "Fish on!", yaani samaki amenasa, vuta mshipi wako wote utoke majini, rudi nyuma, mpishe. Samoni akinasa hukimbia na mkondo, na aliyemnasa lazima amfuate. Nafasi aliyoiacha usiiguse, akirudi aikute. Nawe ukinasa, paza sauti mara moja, umlete ukingoni haraka. Kumchezesha samaki kwa raha yako huku kumi wanakungoja ni kukosa heshima.

Lipo jingine ambalo mimi ndilo ninalompimia mtu. Kwa kuwa samoni hawali, mshipi huwapitia kinywani mpaka ndoana ikashika taya kwa nje. Mara nyingine hushika pezi au mgongo. Huyo wa mgongoni si wako. Sheria ya Alaska kwenye mito na maziwa inataka samaki asiyenaswa kinywani arudishwe papo hapo. Inaniuma sana kuona mtu anamburuta samaki wa namna hiyo hadi juu ya kokoto apigwe picha kwanza. Ana mayai tumboni na safari haijaisha! Mwache ndani ya maji, chomoa ndoana kwa koleo, na akikushinda kata mshipi.

Ukingo nao una haki yake. Watoto wa samoni hujificha chini ya nyasi na mizizi ya kando ya maji, kwa hiyo tutapita kwenye ngazi na njia za mbao tu, hata kama mkato unaonekana rahisi.

Kuhusu dubu, usicheke: wanakuja kweli, tena mchana. Mfuko wako na samaki wako viwe mahali mkono unapofika. Dubu akitokea wakati una samaki kwenye mshipi, kata, sogea. Dubu anayezoea kula vya wavuvi mwisho wake ni kupigwa risasi, na kosa linakuwa letu.

Leseni utanunua mtandaoni kabla ya safari. Mgeni wa miaka 16 na zaidi hawezi kuvua bila hiyo. Wale wa nyavu zenye mpini mrefu utakaowaona mdomoni mwa Mto Kenai ni wakazi wa Alaska, na uvuvi huo ni wa wakazi tu; sisi wenyeji wako tutakwenda nao siku nyingine nawe utazame tu. Kwa kawaida samoni wekundu ni 3 kwa mtu kwa siku, lakini idara ya uvuvi ya Alaska inaweza kubadilisha hesabu katikati ya msimu, hivyo nitaangalia tangazo asubuhi ya siku tutakayokwenda.

Lete miwani. Ndoana ikichomoka ghafla, chubwi hurudi kwa kasi usawa wa uso. Na niandikie namba ya kiatu chako mapema, nikutafutie suruali ya mpira yenye buti za kukutosha.

Wasalimie mama na watoto wote.

Ni mimi swahiba wako.