Pawa saplai mliyoniuzia inanizimia mashine, mnibadilishie au mnirudishie hela

Kwa meneja wa duka,

Habari za kazi. Mimi ni yule mteja aliyenunua kwenu pawa saplai ya kompyuta (kile kiboksi kinacholisha mashine umeme) ya wati 500 wiki tatu zilizopita, elfu 65, risiti ninayo na waranti mmeandika wenyewe miezi 6. Kazi yangu ni kuediti video za harusi huku Mbagala, na tangu nimeifunga hiyo kitu sijalala vizuri. Mashine inawaka freshi, ukiandika barua au ukipiga mziki haina neno, ila nikianza tu kurenda video (mashine inapotengeneza video kamili baada ya kuediti, inafanya kazi nzito), dakika tano nyingi, inazima pu! kama mtu kachomoa waya ukutani.

Nimeileta kwenu mara mbili. Kijana wa kaunta alichofanya kachukua klipu ya karatasi, kaunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye ile plagi kubwa ya pini 24, feni ikazunguka, akaniambia "bro hii nzima, tatizo umeme wa kwenu". Sasa jamani feni kuzunguka bila mzigo wowote, yaani bila mashine kuvuta umeme, ndo kipimo gani hicho? Hapo umejua inawaka tu, basi. Ni sawa na kupima gari kwa kupiga honi.

Umeme wa kwetu unasumbua kweli sikatai, ndo maana nina stabilaiza. Nikabadili soketi, nikabadili waya, nikachomoa ram nikazirudisha, nikapuliza vumbi, joto la prosesa nimeangalia liko kawaida, wapi. Mwisho nikaazima mita nikapima waya wa njano na mweusi kwenye plagi iliyobaki wazi, mashine ikiwa imetulia inasoma volti 11.9, nikirenda inashuka mpaka 11.0 halafu kwishnei. Huo waya wa njano ndo laini ya volti 12, haitakiwi kwenda chini ya 11.4, hiyo ni kanuni ya ATX, kile kiwango cha pawa saplai za kompyuta, sijaitunga mimi. Jirani akaniazima ya kwake ya wati 450, tena kuukuu, ikarenda usiku kucha. Ya kwenu ukiishika ni nyepesi kama bofulo, hizo wati 500 zimekaa upande gani?

Nataka mnipe nyingine ya maana au hela yangu, na kama mnataka kupima tena mpime ikiwa na mzigo, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo. Ijumaa asubuhi nakuja na mashine nzima, na kuna bwana harusi anadai video yake tangu Jumapili, naye kasema atanisindikiza.