Msimulizi, usitutajie mwizi mapema

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasimuliaji wa filamu, wale wanaotia sauti ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, ambao kazi zao zinaoneshwa kwenye mabanda ya video hapa Wete na Chake Chake. Kwenye filamu za ngumi hawana mpinzani. Wakishika filamu ya fumbo, khasa ya mtu aliyeiba jina la mwenzake, utamu unakwisha watu hawajakaa vizuri.

Chukua Plein Soleil, filamu ya Kifaransa ya 1960 aliyoiongoza René Clément kutokana na riwaya ya Patricia Highsmith ya 1955. Alain Delon ni Tom, kijana asiye na kitu aliyemganda Philippe, mtoto wa tajiri anayetanua Italia. Kuna pahala Tom kavaa nguo za Philippe, kasimama mbele ya kioo, anamuiga anavyosema. Mara mwenyewe huyo kaingia. Msimulizi anayewasemea watu wote kwa sauti moja anaiua sehemu hii, maana wizi umeanzia kwenye sauti. Aache ya asili isikike kwanza, yeye afuate nyuma.

Baadaye Tom anaimulika saini ya Philippe ukutani kwa projekta, ikawa kubwa, anaifuatisha tena na tena mpaka mkono uizoee. Hila hii ina akili. Anayeinakili saini polepole juu ya karatasi huacha mstari unaotetemeka, na mtaalamu wa maandishi huuona; Tom anajifunza mwendo wa mkono, si umbo tu. Hapo picha inajisemea. Msimulizi wetu ataujaza ukimya ule kwa kelele: "Jambazi anaghushi! Steringi kakwisha!" Kwani nani kamwambia steringi ni yupi? Filamu nzima imejengwa ili mtazamaji asijue amtakie nani mema.

Kosa kubwa zaidi ni majina. Karani wa hoteli anamjua Tom kuwa ni Philippe, basi kinywani mwa karani abaki Philippe. Kabla ya kurekodi, itazame filamu mara mbili, uandike kila jina, nani analiamini, na kuanzia dakika ya ngapi. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha.

Kiswahili kimetupa silaha ambayo Mfaransa na Mwingereza hawana. Wao wakimtaja muuaji asiyejulikana, mara nyingi kiwakilishi kinafichua kama ni mwanamme au mwanamke. Sisi tunasema "aliingia, akafunga mlango", siri imebaki. Halafu msimulizi anaongeza "demu huyo", basi tena!

Wanaoandika tafsiri chini ya picha nao wapime nafasi: mistari miwili, kila mmoja usipite herufi 42 au karibu na hapo, na isikae zaidi ya sekunde saba. Maneno yetu ni marefu. "Hati ya kusafiria" inakula nafasi 17, "pasipoti" 8. Andika pasipoti, wasomi watusamehe. Na jina la mtu lisitokee kwenye maandishi kabla mwigizaji hajalitamka. Hata nusu sekunde inaharibu.

Mwisho wa Plein Soleil siutaji hapa. Boti ya Philippe itakapoanza kuvutwa kutoka majini, msimulizi azime maikrofoni.

Mfasiri wa filamu,
Wete, Pemba